Maendeleo ya watu hupimwaje? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Nilifundisha jiografia mkoani Mbeya kwa miaka mingi. Tangu nistaafu naitwa huku na kule: shule za sekondari, vikundi vya kuweka na kukopa, mikutano ya vijiji, kuanzia Tukuyu hadi Makambako. Redio ikishatangaza kwamba Umoja wa Mataifa umeiweka Tanzania nafasi ya mia moja sitini na kitu kwa maendeleo ya watu, najua wiki hiyo nitaulizwa nini. Nimeona niyaandike maswali yenyewe pamoja na majibu yake, ili anayetaka kujua asingoje mpaka nipite kwao.

Mwalimu, maendeleo ya watu ni nini? Si ndiyo uchumi kukua?

Hapana, ingawa ni ndugu. Chukua kaya mbili za Ismani, mkoani Iringa, zilizovuna mahindi sawa, magunia hamsini kila moja. Kaya ya kwanza imeuza, ikalipa deni la mbolea, ikanunua sare na madaftari, mama akaenda kliniki kwa wakati, na watoto wanakula maharage na mboga pamoja na ugali. Kaya ya pili imeuza pia, lakini fedha imeishia mikononi mwa mtu mmoja, na binti wa miaka kumi na minne ameacha shule kulea wadogo zake. Ukihesabu magunia, kaya hizi ni sawa. Ukiwahesabu watu na wanachoweza kufanya na maisha yao, ziko mbali kabisa.

Uchumi kukua ni kuhesabu magunia. Maendeleo ya watu ni kuuliza magunia yalimfanyia nani nini: ameishi muda gani na kwa afya ipi, amejua nini, ana uwezo wa kuchagua maisha anayoyathamini? Fedha ni njia ya kufika huko.

Nani alianzisha kipimo hiki cha maendeleo ya watu?

Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan. Katika miaka ya 1960 alikuwa mpangaji wa uchumi wa nchi yake, na uchumi ule ulikuwa unakua vizuri kwenye makaratasi. Mwaka 1968 alisimama akasema hadharani kwamba theluthi mbili ya mali ya viwanda ya Pakistan ilikuwa mikononi mwa familia 22. Mtu aliyesaidia kuandaa mpango ndiye aliyekiri kwamba mpango haukuwafikia watu. Namheshimu sana kwa hilo.

Mwaka 1990, akiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, alitoa Ripoti ya kwanza ya Maendeleo ya Binadamu. Alimwita rafiki yake wa tangu wakisoma Cambridge, Amartya Sen wa India, amsaidie. Sen hakuipenda mwanzoni fikra ya kuyabana maisha ya watu ndani ya namba moja. Haq alimshawishi kwamba Pato la Taifa linatawala mazungumzo kwa sababu ni namba moja rahisi, na halitaondoka kwenye kiti hicho mpaka lipate mpinzani aliye rahisi vilevile lakini asiyewafumbia watu macho. Namba hiyo ndiyo Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, ambayo wengi wanaijua kwa herufi tatu, HDI.

Inapima nini hasa?

Wazee wa hapa hulielewa jibu kabla sijamaliza sentensi. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alituambia tuna maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Fahirisi, iliyokuja karibu miaka thelathini baadaye, inapima mambo yaleyale matatu kutoka upande wa pili: elimu, afya na kipato.

Afya hupimwa kwa umri wa kuishi, yaani miaka ambayo mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi. Elimu hupimwa kwa vitu viwili: miaka ya shule ambayo watu wazima wa miaka 25 na kuendelea wamesoma kwa wastani, na miaka ambayo mtoto anayeanza shule sasa anatarajiwa kusoma. Kipato hupimwa kwa pato la nchi kwa mtu, likiwa limerekebishwa kwa bei za nchi husika.

Kila kimoja hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 1, kisha zote tatu huunganishwa. Nchi yenye 0.800 na zaidi huhesabiwa kuwa na maendeleo ya juu sana, 0.700 hadi 0.799 ya juu, 0.550 hadi 0.699 ya kati. Chini ya 0.550 ni ya chini.

Naomba unionyeshe hesabu yenyewe, si maneno.

Swali hili hutoka kwa wanafunzi, na huwa linanifurahisha. Tutumie takwimu za Tanzania za mwaka 2021, jinsi zilivyotolewa katika ripoti ya 2021/22. Umri wa kuishi ulikuwa miaka 66.2. Miaka ya shule inayotarajiwa kwa mtoto, 9.2. Wastani wa miaka ya shule kwa watu wazima, 6.4. Pato kwa mtu, dola 2,664 kwa mwaka.

Afya ina sakafu, yaani kiwango cha chini kabisa, ya miaka 20 na dari, kiwango cha juu kabisa, ya miaka 85. Toa 20 kwenye 66.2, unabaki na 46.2. Gawanya kwa 65, ambayo ni tofauti ya dari na sakafu. Unapata 0.711.

Elimu sakafu yake ni sifuri. Dari ya mtoto ni miaka 18, ambayo katika nchi nyingi ni kufika shahada ya uzamili, na dari ya watu wazima ni miaka 15. Kwa hiyo 9.2 kwa 18 ni 0.511, na 6.4 kwa 15 ni 0.427. Wastani wa hizo mbili ni 0.469.

Kipato sakafu ni dola 100 na dari dola 75,000, lakini hapa haichukuliwi fedha yenyewe, huchukuliwa logarithimu yake. Nitaeleza sababu hapa chini. Toa logarithimu ya 100 kwenye ile ya 2,664, kisha gawanya kwa tofauti ya logarithimu za 75,000 na 100. Unapata 0.496.

Sasa zidisha zote tatu: 0.711 mara 0.469 mara 0.496. Tafuta kipeuo cha tatu cha jibu. Kikokotoo kitakupa 0.549.

Itazame namba hiyo mara ya pili. Mpaka wa kundi la kati ni 0.550. Mwaka huo tulibaki kundi la chini kwa sehemu moja ya elfu. Nilipoifikia mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu mezani kwangu, nikidhani nimekosea.

Chezea hesabu hiyo uone kinachosukuma namba. Tungekuwa na watu wazima waliosoma mwaka mmoja zaidi kwa wastani, 7.4 badala ya 6.4, fahirisi ingefika karibu 0.561. Tungeongeza miaka mitano ya kuishi, ingefika karibu 0.568.

Kwa nini kuzidisha? Kwa nini wasijumlishe wagawanye kwa tatu?

Ndivyo walivyofanya hadi walipobadilisha mwaka 2010. Kujumlisha kuna kasoro: nchi yenye mafuta mengi ingeweza kufidia shule mbovu kwa fedha, ikaonekana sawa na nchi iliyowalea watu wake pande zote.

Fikiria mafiga matatu. Chungu hakikai kwa sababu mafiga mawili ni marefu. Kinakaa kwa sababu yote matatu yanakaribiana. Kuzidisha kunaipa adhabu nchi yenye figa moja fupi. Kwa mfano wetu wa 2021, ukijumlisha na kugawanya kwa tatu unapata 0.559, tungekuwa kundi la kati. Kuzidisha kukatuleta 0.549. Figa letu fupi ni elimu, nalo halitaki kufichwa.

Lakini angalia pia lile 6.4. Darasa la saba ni miaka saba. Wastani wa watu wazima wetu uko karibu kabisa na darasa la saba, na hiyo ni kazi ya wale waliojenga madarasa ya matofali ya kuchoma katika miaka ya 1970, wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Upande wa watoto, 9.2 maana yake ni kufika kidato cha pili na kidogo mbele yake. Kati ya watu wazima wale na watoto hawa ndipo ilipo safari yetu, na ada iliyofutwa sekondari kuanzia Januari 2016 imo humo.

Logarithimu ya nini?

Kwa sababu shilingi haina uzito mmoja kwa kila mtu. Mama anayeuza mchicha soko la Sokomatola, Mbeya, akipata laki moja zaidi mwezi huu, ni dawa, ni bati mbili tatu, ni ada ya mtihani. Mwenye maghorofa akipata laki hiyohiyo hata hataikumbuka. Katika fahirisi, nchi ikipanda kutoka dola 1,000 hadi 2,000 kwa mtu, alama yake ya kipato inaongezeka kwa zaidi ya sehemu 10 za mia. Ikipanda kutoka 50,000 hadi 51,000, ambayo ni dola zilezile elfu moja, inaongezeka kwa sehemu tatu za elfu tu. Na ikivuka 75,000 haiongezewi chochote.

Dola 2,664 kwa mtu! Mbona mimi sijawahi kuziona?

Swali hili huja na sauti ya juu, na anayeuliza ana haki.

Kwanza, ni wastani. Pato lote limegawanywa kwa vichwa vyote, wakiwemo watoto wachanga. Wastani hauelezi nani kapata nini.

Pili, si dola za benki. Ni dola za uwezo wa kununua. Mia tano inaweza kukupa ndizi kadhaa Tukuyu, lakini thamani yake ukiibadili ikawa senti za Marekani haikupi kitu chochote New York. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha bei za bidhaa nchi kwa nchi, kisha huipandisha namba ya nchi zenye bei nafuu. Ukibadilisha dola hizo kwa kiwango cha duka la fedha za kigeni utapata shilingi nyingi kuliko wastani halisi wa pato la mtu nchini.

Umri wa kuishi ni miaka 66. Je, nikifika 66 nitakufa?

Hapana, mzee wangu. Namba hiyo haisemi habari za aliyekwisha kuishi. Inasema habari za mtoto aliyezaliwa mwaka huo, kama hali ya vifo ya mwaka huo ingebaki vilevile maisha yake yote.

Inavutwa chini sana na vifo vya watoto. Chukua watoto kumi. Wawili wanafariki kabla ya mwaka mmoja, wanane wanaishi hadi miaka 75. Wastani ni miaka 60, ingawa hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 60. Ndiyo maana wodi ya wazazi yenye damu, oksijeni na mkunga aliyelala vizuri huipandisha sana namba hii.

Huku kwetu kuna jambo la pili. Utafiti wa VVU wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchini, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu kitaifa, yote ya kwetu. Wanaokumbuka miaka ya tisini wanajua ilivyokuwa: tulizika walimu wenzetu wakiwa na miaka thelathini na kitu, tukarudi darasani kugawana vipindi vyao. Leo watu hao hao wangekuwa kwenye dawa, wakilima na kulea. Kidonge cha kila siku cha kufubaza virusi kimerudisha miaka mingi ya kuishi katika nyanda hizi. Kwa hiyo asilimia 12.7 ya Njombe isisomwe kama habari ya kifo peke yake. Ndani yake wamo watu wengi walio hai kwa sababu wanatibiwa.

Ripoti moja ilisema 0.549, nyingine 0.532, nyingine 0.555. Tumepanda au tumeshuka?

Ripoti ya 2021/22 ilitoa 0.549, nafasi ya 160 kati ya nchi 191. Ya 2023/24 ikatoa 0.532, nafasi ya 167 kati ya 193. Ya mwaka 2025 ikatoa 0.555, nafasi ya 165 kati ya 193, na hapo tukavuka mpaka wa kundi la kati. Ukizipanga hivyo inaonekana tulianguka shimoni kisha tukapanda kilima.

Usizipange hivyo. Kila ripoti huja na takwimu zilizorekebishwa, hata za miaka ya nyuma: sensa mpya imetoka, tafiti mpya za elimu zimeingia, bei zimelinganishwa upya. Ni kama kumpima mtoto kwa mizani tatu tofauti za kliniki tatu. Anayetaka kujua mwendo wa nchi afungue ripoti moja, ya karibuni, atazame jedwali la miaka iliyopita ndani ya ripoti hiyo hiyo. Nafasi nayo ni ya kuangaliwa kwa uangalifu, maana unaweza kupiga hatua na bado ukapitwa na jirani aliyepiga mbili.

Na kumbuka ripoti huchelewa: ile ya 2025 inazungumzia hali ya 2023. Iceland ilikuwa ya kwanza kwa 0.972, Sudan Kusini ya mwisho kwa 0.388.

Lakini mwaka 2020 tulitangaziwa kuwa tumeingia uchumi wa kati.

Ni kweli, Julai 2020, na ni Benki ya Dunia iliyotangaza. Wao hutumia fedha tu, pato kwa mtu, bila shule wala zahanati. Ni mizani nyingine kabisa. "Uchumi wa kati wa chini" wa Benki ya Dunia na "maendeleo ya kati" ya UNDP ni vitu viwili, na wanasiasa wakivichanganya majukwaani mwulizeni anayesema anatumia ipi.

Kuna ushahidi kwamba fedha peke yake haitoshi?

Upo. Katika takwimu za 2021, Sri Lanka na Guinea ya Ikweta zilikuwa na pato linalokaribiana sana, takriban dola 12,000 kwa mtu kila moja. Mtoto wa Sri Lanka alitarajiwa kuishi miaka 76, wa Guinea ya Ikweta miaka 60 na kidogo. Watu wazima wa Sri Lanka walikuwa wamesoma karibu miaka 11, wa Guinea ya Ikweta karibu 6. Fahirisi ikatoa 0.782 kwa mmoja na 0.596 kwa mwingine. Guinea ya Ikweta ilipata mafuta. Sri Lanka iliwekeza zamani katika shule na matibabu ya bure. Miaka 16 ya maisha ndiyo tofauti.

Sisi ndio ghala la nchi. Kwa nini basi tunaambiwa watoto wetu wamedumaa?

Hili ndilo swali ambalo huwa nalijibu nikiwa nimekaa chini.

Udumavu ni mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za kwanza tangu mimba kutungwa. Akishapita hapo, urefu ule haurudi vizuri, na ubongo nao unakuwa umekosa kitu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulikuta udumavu nchini ni asilimia 30. Iringa asilimia 56.9, ya kwanza nchini. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mkoa wa Mbeya ulikuwa karibu na wastani wa taifa. Na lililoniuma zaidi: utafiti wa 2015/16 uliiweka Iringa kwenye asilimia 42. Nchi ilikuwa inashuka kutoka 34 kwenda 30, Iringa ikapanda.

Haya yanatokea mahali penye mahindi ya Ismani, viazi vya Kilolo, maharage, maziwa, parachichi za Njombe zinazosafirishwa hadi Ulaya. Chakula kipo. Kwa nini hakifiki kinywani mwa mtoto?

Nimewauliza akina mama wenyewe, na wahudumu wa afya wa vijiji. Jibu halikuwa moja. Mahindi ni chakula na ni fedha, na maharage na mayai ndiyo huuzwa kwanza. Mama anaamka usiku, anakwenda shamba la mbali au kibarua cha chai, anarudi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja ameachwa na dada wa miaka saba, na kilichopo ni uji mweupe wa sembe, mara mbili kwa siku. Tumbo limejaa, mwili haujapata kitu. Baridi inaleta kikohozi, maji machafu yanaleta kuhara, na kila ugonjwa unakula kile kidogo alichokipata. Mama mmoja wa Mufindi aliniambia kwamba mtoto wake si mfupi, ila ukoo wao ni wafupi. Sikumbishia pale mbele za watu. Baadaye nesi alituonyesha kadi za watoto wa nyumba hiyohiyo: yule aliyezaliwa mwaka ambao mama alikaa nyumbani kwa sababu ya mguu uliovunjika, akanyonyesha na kupika mwenyewe, alikuwa mrefu kuliko kaka zake walivyokuwa katika umri huo.

Sasa rudi kwenye fahirisi. Udumavu haumo. Mtoto aliyedumaa yuko hai, kwa hiyo umri wa kuishi hauoni. Ameandikishwa shule, kwa hiyo miaka ya shule haioni. Baba yake ameuza magunia, kwa hiyo kipato kinaonekana kizuri. Kipimo kilichobuniwa ili tusiwasahau watu kinampita mtoto wa Iringa bila kumwona. Ndiyo maana nasema kila mara kwamba HDI isisomwe peke yake, na zaidi isisomwe peke yake huku kwetu.

Kuna kipimo kinachoweza kumwona?

Kipo kimoja kinachokaribia. Mwaka 2010 UNDP pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walileta fahirisi ya umaskini wa sura nyingi. Hii haianzi na nchi, inaanza na kaya. Inaingia ndani ya nyumba na kuuliza mambo kumi: kuna mtu mwenye lishe duni? Kuna mtoto aliyefariki? Kuna aliyemaliza angalau miaka sita ya shule? Watoto wa umri wa shule wanakwenda? Mnapikia nini? Choo? Maji? Umeme? Sakafu, paa na ukuta ni vya nini? Mnamiliki nini, kama redio, simu, baiskeli?

Kaya ikikosa theluthi au zaidi ya mambo hayo kwa uzito wake, inahesabiwa kuwa maskini. Lishe ya mtoto imo, na ina uzito mkubwa kuliko umeme. Kuni na mkaa huhesabiwa kama upungufu, jambo ambalo huwashangaza wengi, lakini aliyepikia ndani ya jiko la moshi msimu wa mvua wa Rungwe anaelewa macho na mapafu yanavyoumia.

Na tofauti kati ya tajiri na maskini, je? Na wanawake?

Kuna fahirisi iliyopunguzwa kwa kadiri ya kutokuwa sawa. Ukiitumia kwa Tanzania, karibu robo ya alama zetu hupotea. Kwa wanawake kuna fahirisi nyingine inayotazama vifo vya uzazi, mimba za utotoni, viti bungeni, elimu ya sekondari na ajira. Katika hilo kuna habari moja njema ambayo haisemwi vya kutosha: makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022.

Mkoa wa Mbeya una HDI yake?

UNDP haitoi ya mikoa kila mwaka. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Tanzania ya 2014 ilijaribu kuhesabu kwa mikoa, na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi huwa na makadirio ya maeneo ya ndani ya nchi. Yatumie kama mwanga. Mkoa wenye watu 2,343,754 kwa sensa ya 2022, kuanzia Kyela kwenye joto la ziwa hadi Chunya kwenye dhahabu, unaficha mengi ndani ya wastani wake.

Takwimu hizi zinatoka wapi? Hapa kwetu hajaja mtu.

Amekuja, ila hukumjua kwa jina hilo. UNDP yenyewe haitembei nyumba kwa nyumba. Umri wa kuishi huchukuliwa kutoka idara ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa, elimu hasa kutoka UNESCO, kipato kutoka Benki ya Dunia na wenzake. Nao hutegemea Ofisi ya Taifa ya Takwimu: karani wa sensa wa Agosti 2022, mdodosaji wa utafiti wa afya aliyebeba ubao wa kupimia watoto urefu, mwalimu mkuu anayejaza fomu ya uandikishaji. Ukimdanganya karani idadi ya watoto wako kwa kuogopa kodi, umeipotosha namba ambayo zahanati yako ingeletewa dawa kwayo.

Namba hizi haziwezi kuchakachuliwa?

Mkulima wa viazi anajua jibu. Lumbesa ni nini? Ni gunia lililoongezewa kilemba juu, likaitwa gunia moja. Kipimo kipo, sheria ipo, lakini aliyeshika kipimo ndiye aliyekinyoosha. Mwanafunzi anayehesabiwa amesoma miaka saba huku hawezi kusoma barua ya mjomba wake, hiyo nayo ni lumbesa. Miaka imejaa gunia, ujuzi haumo. Fahirisi huhesabu miaka ya kukaa shule, haihesabu kilichoingia kichwani, na hapo ndipo ninapoiona dhaifu kuliko penginepo. Haihesabu pia usalama, uhuru wa kusema, wala kazi ya mama isiyolipwa. Uharibifu wa mazingira umeongezwa katika fahirisi ya pembeni tangu 2020.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Nifanye nini na namba ya nchi nzima?

Achana nayo kwanza. Siku ya maadhimisho ya lishe kijijini kwako, omba muuguzi awaeleze wanakijiji ni watoto wangapi wamepimwa urefu na wangapi wako chini ya mstari, bila kutaja jina la mtoto wala la mama. Andika kwenye kitabu cha mikutano, pamoja na tarehe. Muulize mwalimu mkuu ni wangapi walioanza darasa la kwanza miaka saba iliyopita na ni wangapi wamefanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Andika. Mwaka unaofuata uliza tena, kwa kipimo kilekile.

Kijiji kimoja nilichokitembelea wilayani Kilolo walifanya hivyo kwa urefu wa watoto. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kelele, watu wakasema wanadhalilishwa. Mkutano wa pili, baba mmoja akasimama akauliza kama mayai ya kuku wake, badala ya kwenda yote mnadani, yanaweza kubaki matatu kwa wiki kwa ajili ya mtoto. Muuguzi akamwambia anzia hapo, mzee, na umlete Jumanne apimwe tena.